Kliniki za makocha wa besiboli: Mkono wa mtoto ndio somo la kwanza

Neno kliniki likitajwa, wengi hufikiria foleni ya kina mama waliobeba watoto wakisubiri chanjo. Katika lugha ya michezo, kliniki ni mafunzo mafupi ya makocha, aghalabu ya siku chache au wiki moja hivi, yanayoongozwa na mkufunzi aliyetumwa na shirikisho la kimataifa au na ligi ya ng'ambo. Kandanda, riadha na voliboli zote zina kliniki za namna hiyo. Katika besiboli, hata hivyo, mafunzo haya yana uzito wa pekee barani Afrika, kwa kuwa kocha wa huku mara nyingi hufundisha mchezo ambao yeye mwenyewe hakuucheza utotoni, na pengine hakupata kuuona ila kwenye runinga.

Waandalizi ni wa aina kadhaa. Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani (MLB) ilianzisha mwaka 1991 mpango wa kutuma makocha katika nchi ambako mchezo huo haujakita mizizi. Japani nayo, kupitia shirika lake la ushirikiano wa kimataifa (JICA), imekuwa ikituma vijana wa kujitolea ambao baadhi yao hufundisha besiboli, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi zilizonufaika. Vilevile kuna mfuko wa mshikamano wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC), ambao hugharamia kozi za makocha kupitia kamati za olimpiki za mataifa. Juu ya wote hao lipo shirikisho la dunia, WBSC, lililoundwa mwaka 2013 mashirikisho ya besiboli na softiboli yalipoungana.

Tatizo ni kwamba mlango wa Olimpiki umekuwa ukifunguliwa na kufungwa. Besiboli ilianza kuwania medali rasmi Barcelona mwaka 1992, lakini katika kikao cha Singapore mwaka 2005 wanachama wa IOC walipiga kura kuiondoa, uamuzi ulioanza kutekelezwa baada ya michezo ya Beijing mwaka 2008. Ilirudi Tokyo katika michezo iliyofanyika mwaka 2021, ikakosekana Paris mwaka 2024, na imo katika ratiba ya Los Angeles ya mwaka 2028. Ni vigumu kwa kiongozi wa shirikisho changa kumshawishi waziri wa michezo atenge fedha kwa mchezo unaoingia na kutoka namna hiyo.

Ndani ya kliniki yenyewe, siku hugawanywa mara mbili. Asubuhi makocha huketi darasani wakijifunza kanuni, usalama na namna ya kupanga zoezi la saa moja lisilomwacha mtoto yeyote amesimama bure. Alasiri huenda uwanjani, na huko mkufunzi huwafanya wao wenyewe wawe wanafunzi. Mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka 40 hujikuta akikimbilia besi ya kwanza huku wenzake wakimcheka. Utaratibu huu una maana yake: aliyewahi kukosa kudaka mpira mbele ya watu humvumilia zaidi mtoto anayeukosa.

Masomo ya mwanzo ni mepesi kuyaeleza na magumu kuyatenda. Mpira una uzito wa gramu 142 hadi 149, na ngozi yake imeshonwa kwa uzi mwekundu uliotuna. Kocha hufundishwa kuushika kwa vidole viwili vilivyokatiza mishono hiyo ili uende moja kwa moja, kupiga hatua kwa mguu wa upande wa glavu, na kuinua kiwiko kifikie kimo cha bega kabla ya kurusha. Hakuna anayeruhusiwa kupunga gongo nje ya eneo lililotengwa, wala kusimama mbele ya mrushaji bila kofia ngumu. Waliozoea kriketi huwa na nafuu katika kudaka, ila huwabidi wajifunze upya kurusha, kwa maana mrushaji wa kriketi hakubaliwi kuunyoosha mkono uliokunjwa wakati wa kuachilia mpira, ilhali katika besiboli sehemu ya nguvu hutokana na kukunja na kukunjua kiwiko.

Kiwiko hicho ndicho kiini cha mafunzo yote. Mwaka 1974 mrushaji wa Los Angeles Dodgers, Tommy John, alikatika ukano wa ndani ya kiwiko cha kushoto. Daktari Frank Jobe alitoa kano katika mkono wake wa kulia na kuipandikiza kwenye kile kilichoumia, upasuaji ambao haukuwahi kufanyiwa mrushaji wa ligi hiyo. John alirejea uwanjani mwaka 1976 na kucheza hadi 1989. Tangu hapo upasuaji huo umekuwa ukiitwa kwa jina lake, na jambo la kusikitisha ni kwamba umekuwa ukifanyiwa hata wanafunzi wa shule za upili.

Sababu kuu inajulikana: kurusha kupita kiasi. Watafiti wa Birmingham, Alabama, waliofuatilia warushaji 481 wenye umri mdogo kwa miaka 10, walitoa matokeo yao mwaka 2011. Waliorusha zaidi ya awamu 100 kwa mwaka walikuwa katika hatari ya kuumia vibaya mara tatu na nusu kuliko wenzao. Mechi kamili ya watu wazima ina awamu tisa.

Kwa hiyo kocha huondoka na jedwali ambalo hutakiwa kulikariri. Katika kanuni za Little League, shirika kubwa la besiboli ya watoto, mtoto wa miaka 9 au 10 harushi zaidi ya mirusho 75 kwa siku, wa miaka 11 au 12 mwisho wake ni 85, na wa miaka 13 hadi 16 ni 95. Mwenye umri wa miaka 14 au chini akifikisha mirusho 66 hupumzika siku nne kabla ya kurusha tena. Akirusha 51 hadi 65, siku tatu. 36 hadi 50, siku mbili. Kanuni hizi za kuhesabu mirusho zilianza kutumika mwaka 2007. Hazihitaji mashine, bali mtu mmoja mwenye kalamu na daftari kando ya uwanja, na kocha mwenye ujasiri wa kumtoa mrushaji wake bora timu ikiwa inaongoza. Kliniki isiyogusia hesabu hii, hata ikiwa na wakufunzi wenye majina makubwa, imefanya nusu ya kazi.

Shinikizo la kupuuza hesabu hiyo si dogo, hasa mahali ambapo mtoto mmoja mwenye mkono wenye nguvu anaweza kuitoa familia yake katika umaskini. Uganda ni mfano wa karibu. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwa fainali za dunia za Little League mjini Williamsport, Pennsylvania, lakini ikanyimwa viza. Mwaka uliofuata vijana wa Lugazi walifika, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko. Mwaka 2015 Uganda iliilaza Jamhuri ya Dominika, taifa linalotoa wachezaji wengi wa kulipwa, kwa 4-1. Mwaka 2022 Dodgers iliwasajili warushaji wawili kutoka nchi hiyo. Katika Afrika Kusini, Gift Ngoepe alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 baada ya kupitia chuo cha MLB kilichoko Tirrenia, Italia, na Aprili 2017 akawa Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa bara hili kucheza katika ligi hiyo.

Baada ya mgeni kuondoka, linalobaki ni suala la vifaa. Glavu ni ghali, na huwa za mkono wa kulia au wa kushoto, hivyo haziwezi kugawanywa ovyo. Baadhi ya wakufunzi sasa huanza na Baseball5, mchezo ambao WBSC iliubuni bila gongo wala glavu: wachezaji watano kila upande, mpira wa raba unaopigwa kwa mkono, na besi zilizoachana kwa mita 13. Kenya ilikuwa miongoni mwa timu 12 katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo, lililochezwa Mexico City Novemba 2022 na kutwaliwa na Cuba. Katika Baseball5 hakuna mrushaji. Mpigaji huurusha mpira mwenyewe na kuupiga kwa kiganja.