Kuvuja na kuvujisha

Tukisema "taarifa zimevuja", tunazungumza kana kwamba paa limetoboka. Kuvuja hakumtaji mtu. Kuvujisha kunamtaja, hata kama ni kwa uzembe. Barua pepe yenye namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) za wafanyakazi haitoki ofisini yenyewe: yupo aliyeituma, na yupo aliyeuacha mfumo bila kanuni ya kuizuia. Namba hiyo ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Mpangilio huo unatambulika kirahisi, na seva inaweza kuamriwa isimamishe barua kabla haijaondoka. Na sheria ipo: Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kwa hiyo, wahariri, andikeni "zimevujishwa", kisha muulize na nani.