Kuzimu Si Jehanamu

Katika tungo nyingi za siku hizi nakuta kuzimu na jehanamu yakitumika kana kwamba ni neno moja, mshairi akichagua lile linalompa kina. Hayo si mapacha, na huku kwetu Masasi na Newala tofauti yake iliwagusa watu mahali panapouma.

Jehanamu lilitujia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni Kiebrania: bonde la Hinomu, nje ya kuta za Yerusalemu. Kuzimu ni letu. Lina shina moja na mzimu. Ni makao ya waliotangulia, wema kwa wabaya, wala hapakuwa na tanuri humo. Wayao waliwatolea unga chini ya mti wa msolo na kuwaomba mvua. Nani humwomba mvua aliye motoni?

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani. Baada ya uvamizi wa Wamagwangwara mwaka 1882, Chauncy Maples alihamia Newala, kwa mtawala wa Kiyao, Matola. Pamoja na Injili lilifika swali: aliyekufa kabla ya misheni yuko wapi?

Swali hilo lilikwisha kumtikisa Askofu Colenso kule Natal, miongoni mwa Wazulu. Katika ufafanuzi wake wa Waraka kwa Warumi, mwaka 1861, aliikataa adhabu isiyo na mwisho. Mwaka 1863 akahukumiwa kuwa mzushi, na hoja hiyo ikiwa mojawapo ya mashtaka. Mimi naona alikuwa na sikio la mwalimu: aliwasikia aliowafundisha.

Kwetu, lugha ilizidisha uzito. Katika Biblia ya Union ya mwaka 1952, hades ya Kigiriki imekuwa kuzimu, na gehena imekuwa jehanum. Uteuzi mzuri, nausifu. Lakini tajiri wa Luka 16 yumo kuzimu, naye anaungua. Hapo moto ukaingia nyumbani kwa babu zetu. Tena kivumishi cha Kigiriki aionios kimezaliwa na neno lenye maana ya zama, na wataalamu wangali wanabishana juu ya urefu wake. Milele yetu haiachi nafasi ya ubishi.

Vincent Lucas, askofu wa Masasi kuanzia 1926, aliliingiza jando katika ibada za Kanisa. Najiuliza: ukiyabariki mafunzo ya wazee, utawaacha wazee wenyewe motoni?

Kanuni ya Imani, kama Wakatoliki wa Ndanda wanavyoisali kwa Kiswahili, hukiri kwamba Kristo mwenyewe alishuka kuzimu. Nilipokuwa nikifundisha sekondari niliwauliza wanafunzi wa Kidato cha Tatu neno hilo lina maana gani hapo, makao ya wafu au tanuri. Karibu darasa zima lilijibu tanuri. Kijana mmoja tu, Mmakonde, aliniuliza kama alipofika huko alimwona bibi yake.