Neno "Mtoro" katika Daftari Langu

Katika shule zote nilizopata kuongoza palikuwa na daftari moja nililoliamini kuliko mengine, nalo ni daftari la mahudhurio. Daftari la fedha laweza kuchezewa, na hata la mitihani laweza kuwa na mkono wa mtu. Lakini daftari la mahudhurio huitwa asubuhi mbele ya watoto wenyewe, na mtoto akiitwa huitikia au hukosekana. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni, na hivyo ndivyo nilivyowafundisha walimu waliokuja chini yangu.

Hata hivyo mimi mwenyewe niliandika uongo katika daftari hilo. Niliandika neno moja tu, "mtoro", mbele ya jina la binti wa darasa la sita. Ningependa kueleza jinsi neno hilo lilivyofika pale, kwa sababu ndani yake mna historia ya elimu ya nchi yetu tangu nilipokuwa mwanafunzi mpaka nilipostaafu.

Nilianza shule mwaka 1958 katika nchi kavu ya Dodoma, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza. Shule ilikuwa kitu cha kununuliwa. Kila mwaka baba yangu alichagua mbuzi wa ada, na mwaka ambao mvua ilikataa, mbuzi akakonda, bei yake ilikonda naye. Aliyevuka ada alingojwa na mtihani wa darasa la nne, ambao uliwarudisha wengi nyumbani kuchunga. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, watoto waliokuwa katika shule za msingi nchi nzima hawakufika nusu milioni. Nilikuwa mmoja wao, lakini wadogo zangu wawili hawakuwa. Si kwamba walikuwa wajinga kuliko mimi. Mbuzi walikuwa wachache kuliko watoto.

Kwa hiyo serikali ya Mwalimu Nyerere ilipofuta ada za shule za sekondari mwaka 1964, na hatimaye za shule za msingi mwaka 1973, sisi tuliokuwa walimu vijana tulishangilia kwa dhati. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua jambo kubwa zaidi. Mpango wa awali ulikuwa kumfikishia kila mtoto elimu ya msingi ifikapo mwaka 1989. Azimio la Musoma lilisema hapana, iwe mwaka 1977. Yaani kazi ya miaka kumi na mitano ifanywe kwa miaka mitatu!

Wasomi wengi wameilaumu UPE, na baadhi ya lawama zao ni za haki. Mimi niliyeibeba kichwani nasema kwanza kwamba ilifanyika. Wananchi walikuwa wamekwisha kuhamishiwa vijijini, mara nyingine kwa nguvu, jambo ambalo lilileta uchungu wake. Sasa kijiji kilikuwa na watoto mia tatu mahali pamoja na hakina chumba cha kuwaweka. Tulifyatua matofali ya udongo pamoja na wazazi. Tulifundisha kwa zamu mbili, asubuhi na alasiri, na darasa la pili likakaa chini ya mti likifuata kivuli kadiri jua lilivyosogea. Walimu walitafutwa miongoni mwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na ya redio na kwa kuelekezwa na walimu kama mimi. Watu waliwacheka, na mpaka leo "mwalimu wa UPE" ni maneno ya dharau. Lakini nilimwona kijana wa miaka kumi na minane akiwafundisha kusoma watoto themanini kwa ubao uliopakwa masizi, nao wakasoma. Mwanzoni mwa miaka ya themanini watoto waliokuwa shuleni walizidi milioni 3. Hilo si jambo dogo kwa nchi maskini.

Kosa halikuwa kuwaita watoto, bali kudhani kwamba ada ikifutwa, gharama nayo imefutwa. Ada ni jina tu. Chaki ina bei, dawati lina bei, na mtoto anayetembea kilomita sita bila kula huilipa bei hiyo kwa kichwa kizito ifikapo saa tano. Kwa miaka michache serikali iliweza kubeba sehemu kubwa ya gharama hizo. Kisha yakaja ya kuja: vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta kupanda, mazao yetu kushuka bei, na ukame. Wenye umri wangu wanakumbuka unga wa yanga na foleni za sabuni. Vitabu vilikoma kuletwa. Ukuta wa matofali mabichi ulipoanguka hakuna aliyekuja kuujenga.

Katikati ya miaka ya themanini gharama zilianza kurudishwa mabegani mwa wazazi. Hazikurudi kwa jina la ada peke yake. Zilirudi kama mchango wa UPE, mchango wa dawati, mchango wa mlinzi, mchango wa mtihani, mchango wa michezo. Na mkusanyaji alikuwa nani? Mwalimu mkuu. Kila mwezi niliitwa kueleza ni kiasi gani nimekusanya. Sikumbuki hata mara moja kuulizwa ni watoto wangapi wanajua kugawanya.

Hapo pana jambo ambalo vijana hawalifahamu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimlazimu kila mtoto wa umri wa miaka saba hadi kumi na tatu kuandikishwa na kuhudhuria shule, na mzazi aliyekaidi aliweza kushtakiwa. Basi mwalimu mkuu alisimama katikati ya amri mbili. Kwa mkono wa kulia alimpeleka mzazi kwa katibu kata kwa kosa la kutomleta mtoto. Kwa mkono wa kushoto alimrudisha mtoto yule yule nyumbani kwa kukosa mchango.

Ndipo nifike kwa binti yangu wa darasa la sita. Ilikuwa mwaka 1988. Nilikuwa nimepokea onyo kwamba shule yangu iko nyuma kwa makusanyo. Asubuhi moja, watoto wakiwa mstarini, nikasoma majina ya wadaiwa. Walitoka mbele kumi na saba. Nikawaambia waende nyumbani na wasirudi mikono mitupu. Yeye alikuwa wa mwisho kwenye mstari ule. Katika hesabu alikuwa wa kwanza wa darasa lake, mtoto ambaye nikikosea ubaoni hunyosha kidole polepole kwa adabu. Hakulia. Alikunja daftari lake, akaliweka kifuani, akaenda.

Katika wiki mbili walirudi kumi na mmoja. Baadaye wakarudi wanne. Yeye hakurudi, na mvulana mmoja mdogo hakurudi. Muda uliowekwa ulipopita, mwalimu wa darasa aliniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike utoro. Kisha nikaona mwandiko wake haueleweki, nikachukua kalamu nikaandika mwenyewe.

Sikuwa mkatili, ndugu msomaji. Nilikuwa mtumishi mtiifu, na wakati ule niliona yatosha.

Miaka ikaenda. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikakubali waziwazi kwamba wazazi wachangie gharama. Kufikia mwishoni mwa miaka hiyo ada ya shule ya msingi ilikuwa shilingi 2,000 kwa mwaka, na juu yake michango ambayo mara nyingi iliizidi ada yenyewe. Uandikishaji, uliokuwa umekaribia watoto wote mwanzoni mwa miaka ya themanini, ulishuka chini ya asilimia 80. Tulikuwa tunarudi kinyumenyume kuelekea kwenye mbuzi wa baba yangu.

Mwaka 2001 serikali ya Rais Mkapa ilifuta ada kwa mara ya pili. Safari hii palikuwa na jambo jipya, nami nalisifu. Pamoja na kufuta, serikali iliahidi kitu cha kujaza pengo. Chini ya mpango wa MMEM, ulioanza mwaka 2002, kila mwanafunzi alitengewa ruzuku iliyolingana na dola 10 kwa mwaka, takriban shilingi 10,000 za wakati ule. Palikuwa na fedha za madarasa pia, sehemu yake ikiwa mikopo na misaada, na msamaha wa madeni ya nchi nao ulisaidia. Kamati za shule zilifungua akaunti benki, na tulitakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo ili mzazi yeyote asome. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa milioni 4.4 mwaka 2000, walizidi milioni 8 mwaka 2007. Nilimwandikisha darasa la kwanza kijana aliyekuwa anaanza kuota ndevu. Hakuona haya, wala sisi hatukumwonea haya.

Lakini ruzuku ilifika kwa kuchelewa, na mara nyingi pungufu ya ile iliyoandikwa. Pengo lilipobaki wazi, michango iliingia tena kwa mlango wa nyuma, ikiitwa hiari. Mwenye mtoto anajua maana ya hiari ambayo jina la asiyetoa husomwa mkutanoni.

Nilipostaafu niliamini hadithi imekwisha. Haikuwa hivyo. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango kuanzia Januari 2016, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na mwaka wa fedha 2022/23 ukafikisha nafuu hiyo kidato cha tano na cha sita. Mwaka 2021, mwezi Novemba, milango ilifunguliwa pia kwa wasichana walioacha masomo kwa ajili ya ujauzito, uamuzi uliochelewa sana lakini wa haki. Katika mambo haya yote naiunga mkono serikali bila kusitasita.

Ila mimi ni mwalimu wa hesabu, na hesabu sikuiacha kazini. Ruzuku ya mwaka 2016 kwa mtoto wa shule ya msingi ilikuwa bado shilingi 10,000. Kiasi kile kilichokuwa karibu na dola 10 mwaka 2002 kilikuwa sasa hakifiki dola 5. Katika hizo, shilingi 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikaenda shuleni. Gawa kwa miezi kumi na miwili upate shilingi 500 kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Sare na chakula cha mchana vilibaki kwa mzazi. Michango ilipopigwa marufuku kwa ukali mwezi Januari 2018, wenzangu waliokuwa bado kazini waliniambia kwamba waliogopa hata kupokea debe la mahindi la uji wa watoto. Marufuku yale yaliwaokoa watoto wengi wasitolewe mstarini kama nilivyofanya mimi. Lakini sufuria tupu haijui marufuku.

Mwaka ule wa 2016 nilikwenda mnadani kununua kuku. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga alisimama akanipigia goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Samahani, macho yangu yamezeeka."

"Mimi ni yule wa hesabu. Ulinitoa mstarini."

Nilikosa la kusema. Yeye hakuwa na hasira. Alinipimia karanga, akakataa fedha, akaniambia kitinda mimba wake ameanza darasa la kwanza bila kulipa ada, na kwamba anamshukuru Mungu. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo tu: "Nilirudi, mwalimu. Wiki ile ya pili nilikuja siku tatu nikakaa chini ya mbuyu, nje ya uwanja. Uliniambia nisirudi mikono mitupu, basi sikuingia. Nikasema labda mwalimu ataniona aniite."

Nami nilikuwa nimemwona. Nilikumbuka pale pale. Kutoka dirisha la ofisi nilimwona mtoto chini ya mbuyu, nikadhani ametumwa na mama yake, nikarudi kwenye orodha yangu ya makusanyo.

Nilimwomba radhi pale mnadani, mbele ya watu. Aliniambia yamepita. Kwake huenda yamepita.

Historia hii ya kufuta ada mara tatu imenifunza jambo moja. Kufuta ada ni kazi ya siku moja, na ni kazi njema. Kumbakiza mtoto darasani ni kazi ya kila siku, nayo ina bei, na bei hiyo isipobebwa na serikali kwa ukamilifu itambebesha mtu mwingine. Atatafutwa mzazi, mzazi atashindwa, na mwisho atalipa mtoto. Serikali iipime ruzuku kwa bei ya unga na chaki ya mwaka huo, si kwa bei ya mwaka ilipoahidiwa. Chakula cha mchana kihesabiwe kuwa sehemu ya elimu, kwa sababu mwenye njaa hasikii. Na mwalimu mkuu aondolewe kabisa katika kazi ya kudai, ili apate nafasi ya kutazama nje ya dirisha.

Madaftari yale ya mwaka 1988 yameliwa na mchwa. Lingekuwapo, ningekwenda kwa miguu yangu nikalifungue, nikate neno moja, na pembeni niandike kwa mwandiko unaosomeka: hakutoroka, alirudishwa na mwalimu mkuu.