Kamanda wa Sketi na Vita vya Ziwa Tanganyika

Tarehe 11 Novemba 1914, mchana kweupe, nyambizi ya Wajerumani iliipiga topido manowari ya Uingereza iitwayo Niger, iliyokuwa imetia nanga mbele ya mji wa Deal, kusini mashariki mwa Uingereza. Ofisa mwenye dhamana nayo, Luteni Kamanda Geoffrey Spicer-Simson, hakuwa majini. Alikuwa hotelini, nchi kavu, na meli ikazama yeye akiiona. Wakubwa wake hawakumfukuza. Walimpa meza na mafaili London, wakadhani wameyamaliza.

Haukuwa mkosi wake wa kwanza. Alizaliwa Tasmania mwaka 1876, akajiunga na Jeshi la Wanamaji akiwa na umri wa miaka 14, na kila alipokabidhiwa chombo cha vita mambo yaliharibika. Aliwahi kubuni mbinu ya kuwinda nyambizi kwa kukokota kamba kati ya meli mbili, nusura aizamishe nyambizi ya nchi yake mwenyewe. Safari nyingine aligonga boti, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Wenzake wakapanda vyeo, yeye akabaki palepale. Juu ya hayo alikuwa mtu wa majigambo, bingwa wa visa vya uwindaji ambavyo wasikilizaji wake walivimeza kwa shida.

Lakini kazi moja aliijua barabara: kupima maji. Aliupima mto Yangtze huko China, kisha mto Gambia Afrika Magharibi, akichora vina na mikondo. Ni kazi ya subira, isiyo na mizinga wala nishani. Nadhani ndiyo sababu hakuridhika nayo.

Mwezi Aprili 1915 mwindaji wa tembo aitwaye John Lee alifika London na wazo la ajabu. Wajerumani walikuwa wanalitawala Ziwa Tanganyika. Agosti 1914 meli yao Hedwig von Wissmann ilikuwa imeiharibu Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, na tangu hapo Wabelgiji waliokuwa Kongo hawakuweza kuvuka kuja upande wa Kigoma. Lee alishauri zipelekwe boti ndogo zenye kasi, zivutwe nchi kavu hadi ziwani. Admirali Henry Jackson wa Jeshi la Wanamaji akakubali. Akatafutwa ofisa wa kuongoza msafara, na maofisa hodari wote walikuwa vitani. Aliyepatikana mezani, tena anayejua Kifaransa, ni Spicer-Simson.

Boti zenyewe zilikuwa mbili, kila moja na urefu wa futi 40, zimetengenezwa kwa mbao na kiwanda cha Thornycroft. Kamanda alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Akarudi na Mimi na Toutou, majina ambayo watoto wa Kifaransa huwaitia wanyama haohao, na safari hii yakapita.

Zilipakiwa melini mwezi Juni, zikashushwa Cape Town, zikapanda reli kwenda kaskazini zaidi ya kilomita 3,000 mpaka Fungurume, Katanga, mahali reli ilipoishia. Kutoka pale hadi Sankisia ni kama kilomita 230 za msitu na Milima ya Mitumba, na boti ilibidi zipande zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mamia ya vibarua Waafrika walikata miti, wakang'oa visiki, wakajenga madaraja zaidi ya mia moja kwa magogo. Matrekta mawili ya mvuke yalivuta mbele, na penye mwinuko mkali maksai wakafungwa nira kwa makumi. Ni wakati wa kiangazi, na mashine zile hunywa maji kama ng'ombe wa mnadani. Yalipokauka, wanawake wa vijijini walikodishwa kuyabeba kichwani kwa mitungi ili matrekta yasonge. Majina yao hayakuandikwa popote, ila bila wao Mimi na Toutou zingeozea porini. Lee mwenyewe, aliyeichagua njia ile, alikwisha kuondolewa kwenye msafara baada ya kuchongewa kwa kamanda.

Kutoka Sankisia boti ziliendelea hadi ziwani, na Desemba 22 Mimi iliteremshwa majini karibu na mji wa leo wa Kalemie, na Toutou kesho yake. Siku ya nne, Desemba 26, meli ndogo ya Kijerumani Kingani ilijitokeza kupeleleza. Mzinga wake ulikuwa mbele, hauwezi kugeuka nyuma, na boti za Waingereza zikaijia kwa nyuma. Vita vilikwisha kwa dakika chache, nahodha wake akiwa maiti. Kingani ikatengenezwa, ikapewa mzinga mkubwa na jina jipya, Fifi. Mzinga ule ulikuwa na teke kiasi kwamba kila ulipofyatuliwa meli ilisita majini. Februari 9, 1916, Mimi ilikwenda mbele kuichokoza Hedwig von Wissmann hadi igeuke, Fifi ikapata kuifikia, ikaizamisha.

Hapo ndipo kamanda alipopanda kichwa. Alivaa sketi ya khaki aliyoshonewa na mkewe, akaoga hadharani akionyesha nyoka na vipepeo waliochorwa kwenye ngozi yake. Waholoholo wa ufukweni wakamwita Bwana Chifungatumbo, na inasimuliwa kwamba walifinyanga sanamu zake za udongo. 

Kisha ikaonekana Graf von Götzen, meli ya Wajerumani ya tani zaidi ya 1,000 iliyoletwa Kigoma vipandevipande ndani ya makasha. Kamanda aliitazama kwa darubini akakataa kwenda kupigana nayo, na kwa hesabu za mizinga hakukosea. Kosa lake lilikuja Juni, alipofika Kasanga, ambako Wajerumani waliozingirwa ngomeni walitoroka kwa majahazi usiku bila yeye kuwazuia. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, mitambo imepakwa grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na ndiyo MV Liemba ambayo watu wa Kigoma wameipanda kizazi baada ya kizazi.

Spicer-Simson alirudishwa kwao akiwa mgonjwa. Alipata nishani ya DSO, Wabelgiji nao wakampa zao, lakini hakukabidhiwa tena chombo cha vita. Mwandishi C. S. Forester alikichukua kisa cha ziwa akakigeuza riwaya, The African Queen, mwaka 1935, na kamanda mwenye sketi hayumo.

Mwaka 1921 alikuwa amepata kazi nyingine: katibu mkuu wa kwanza wa shirika la kimataifa la upimaji wa bahari, lenye makao Monaco. Mataifa yalikuwa yanachora ramani za bahari kila moja kwa alama zake, na shirika lile lilikusudia kuzioanisha ili nahodha wa nchi yoyote azielewe. Alidumu hapo hadi 1937, miaka 16 ya vina na mikondo, akitumia Kifaransa chake kila siku. Alifariki British Columbia, Kanada, Januari 1947.