Mchezo wa Ng'ombe wa Pemba na Ukweli wa Historia

Mara nyingi husemwa kwamba mchezo wa ng'ombe wa Pemba ni urithi wa Wareno, waliotamba pwani yetu hadi Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Huenda ni kweli. Lakini sisi tunaowafundisha vijana hatuna budi kuuliza: mchezo wenyewe unashuhudia nini?

Mpemba humfunga fahali kamba, humchokoza kwa nguo huku zumari ikilia, hukwepa pembe zake. Na jioni fahali hurudi zizini mzima. Wako wanaoiona huruma hiyo kuwa alama ya Kireno, kwani Ureno nako kwa kawaida fahali hauawi uwanjani. Hoja hiyo ni dhaifu: sheria ya Ureno iliyokataza kumwua ilikuwa ya mwaka 1928, miaka 230 baada ya kuanguka kwa ngome ile. Twaona sababu iko karibu zaidi. Ng'ombe ni mali ya mkulima na mvuta gari wake. Nani amchinje kwa furaha ya alasiri moja?

Tukimvika mchezaji kofia ya Kireno katika maonyesho ya shule, watazamaji watashangilia, na mkulima aliyeishika kamba hatamwona mtu.