Taa za dashibodi zinapozimika: Jinsi ya kusaka hitilafu ya nyaya katika gari kuukuu

DEREVA anayeingia Barabara ya Jogoo saa moja jioni, akawasha taa na kukuta mita zote zimo gizani, huwa na njia mbili. Ama aendelee kwa kukisia kasi hadi afike Buruburu au Umoja, ama aegeshe kando na kuanza kuipiga dashibodi kwa ngumi. Njia zote mbili zimezoeleka mno katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako si ajabu kuona Nissan B12, Toyota Corolla za miaka ya 1990 na hata Peugeot 504 zikiwa zingali kazini.

Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, Corolla ya mwaka wa 1994 inayoegeshwa Kayole leo imekuwa humu nchini kwa takriban miaka 20 au zaidi. Katika muda huo imepitia mikono ya wenyewe kadhaa na mafundi wasiohesabika, na kila mmoja ameacha waya wake: huyu wa redio, yule wa king'ora, mwingine wa taa za mapambo. Ndiyo maana hitilafu ya dashibodi katika gari kuukuu mara nyingi haitokani na nyaya za kiwandani, bali na waya ulioongezwa baadaye na kufungwa kwa utepe ambao gundi yake imeyeyuka kwa joto.

Kabla ya kushika bisibisi, ni sharti kutofautisha makundi mawili ya taa ambayo wenye magari huyachanganya. Kundi la kwanza ni taa za mwangaza, zile ndogo zilizojificha nyuma ya spidomita na geji ya mafuta, ambazo kazi yake ni kumwezesha dereva kusoma usiku. Kundi la pili ni taa za onyo: ya oili, ya betri, ya breki, ya injini na nyinginezo. Za kwanza hupata umeme swichi ya taa za nje inapowashwa. Za pili hupata umeme ufunguo unapozungushwa. Makundi haya hukaa katika sanduku moja la mita lakini hayapitii njia moja ya umeme, na fundi anayefungua dashibodi bila kuuliza ni lipi limezimika humpotezea mwenye gari siku nzima.

Anza nyuma ya gari

Ajabu ni kwamba hitilafu ya mwangaza wa dashibodi huanza kutafutwa nyuma ya gari. Katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1980 na 1990, fyuzi inayolinda taa ndogo za nyuma na ile ya nambari ya usajili ndiyo hiyo hiyo inayolinda mwangaza wa dashibodi. Katika Toyota nyingi fyuzi hiyo imeandikwa TAIL kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi. Basi washa taa ndogo, kisha uzunguke nyuma ukatazame.

Iwapo taa za nyuma nazo zimezimika, fyuzi imekatika au swichi haipitishi umeme. Iwapo zinawaka, fyuzi ni nzima na kosa limo ndani ya dashibodi. Ukaguzi huu wa dakika moja una uzito kuliko unavyoonekana. Dereva anayedhani kwamba amekosa tu mwanga wa kusoma mita huenda anaendesha gari lisiloonekana kwa nyuma, na katika Barabara ya Outer Ring au ile ya Kangundo usiku, dereva wa lori anayemfuata hana njia ya kujua kwamba kuna gari mbele yake.

Taa za nyuma zikiwa zinawaka, hatua inayofuata ni kitufe cha kuzungusha kinachopunguza au kuongeza mwangaza wa mita. Ni aibu ndogo ya mafundi wengi kwamba dashibodi nzima imewahi kung'olewa ilhali kitufe hicho kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho na mtoto, au na kijana wa kuosha magari alipokuwa akipangusa vumbi. Aidha, kitufe chenyewe huchakaa. Kizungushwe mara kumi hivi kwenda na kurudi. Taa zikimetameta na kuzimika, basi sehemu zinazogusana ndani yake zimeota kutu.

Ikiwa ni upande mmoja tu ulio gizani, hiyo ni balbu. Balbu hizi ni ndogo, hazina kitako cha chuma, na hukaa katika kishikio cha plastiki kinachofunguka kwa kukizungusha robo ya mzunguko. Nyuma ya sanduku la mita kuna ubao mwembamba wenye njia za shaba badala ya nyaya. Mahali balbu inapogusa shaba hiyo hupata weusi, na dawa yake ni kifutio cha penseli cha watoto wa shule. Msasa usitumike, shaba hiyo ni nyembamba kama karatasi na ikikwanguka haina mbadala isipokuwa kununua sanduku jingine lililotumika katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan.

Fyuzi inayokatika kila mara

Fyuzi iliyokatika mara moja inaweza kubadilishwa na kusahaulika. Fyuzi inayokatika tena papo hapo inaeleza jambo: kuna waya wenye umeme unaogusa chuma cha bodi. Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Badala ya kutafuta waya huo, fundi huweka fyuzi ya ampea 30 mahali pa ile ya 10, au hufunga kipande cha waya wa shaba, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ikishindwa kukatika, kitu kingine hukatika kwa niaba yake, na kitu hicho ni waya wenyewe, ambao huwaka ndani ya dashibodi iliyojaa plastiki na sponji.

Njia iliyo salama haihitaji mtambo wowote wa bei. Fundi huchukua balbu ya breki ya wati 21 iliyounganishwa nyaya mbili, akaiweka mahali pa fyuzi. Kisha huondoa balbu zote za taa ndogo, za nyuma na za mbele, pamoja na ile ya nambari ya usajili, na kuchomoa soketi za sanduku la mita na redio. Swichi ya taa ikiwashwa, balbu hiyo ya majaribio haipaswi kuwaka hata kidogo, kwani hakuna kitu kinachokula umeme. Ikiwaka kwa nguvu, waya umegusa bodi, na balbu itabaki ikiwaka hadi mahali hapo papatikane. Kazi iliyosalia ni kutikisa mafungu ya nyaya moja baada ya jingine huku mtu mwingine akiitazama balbu.

Ikiwa balbu hiyo ilizimika redio ilipochomolewa, mshukiwa amepatikana. Redio nyingi huwa na waya wa kuangaza vitufe vyake usiku, na waya huo huunganishwa na saketi hii hii ya taa ndogo. Anayebadilisha redio mara nyingi huukata na kuuacha ukining'inia uchi nyuma ya dashibodi, ukisubiri shimo la kwanza la barabarani liusukume uguse chuma. Mahali pengine pa kuangalia ni bawaba za buti, ambako nyaya za taa ya nambari hukunjwa kila buti inapofunguliwa.

Waya wa athi

Umeme wa gari hurudi kwenye ncha hasi ya betri kupitia bodi. Waya unaofunga mzunguko huo ndio mafundi huuita athi, na ukilegea au kuota kutu, umeme hujitafutia njia nyingine kupitia balbu zisizohusika. Matokeo yake huonekana kama uchawi: dereva akikanyaga breki, taa za dashibodi hupata uhai, akiweka indiketa, sindano ya mafuta hucheza kwa mdundo ule ule. Lililo maarufu zaidi ni geji ya joto inayopanda taa kubwa zinapowashwa na kushuka zinapozimwa. Kuna wenye magari waliokwisha kubadilisha rejeta na kifuniko chake kwa sababu ya geji hiyo, kumbe injini haikuwa na joto lolote la ziada.

Kipimo chake ni rahisi. Taa zikiwa zinawaka, ncha nyeusi ya mita ya umeme hushikizwa kwenye ncha hasi ya betri na ile nyekundu kwenye waya wa athi wa sanduku la mita. Kipimo kinapaswa kukaribia sufuri. Kikizidi thuluthi moja ya volti, kuna mahali umeme unazuiwa, na dawa ni kufungua nati ya athi, kusugua chuma hadi king'ae na kuikaza upya. Katika magari ya zamani zaidi, ambamo geji ya mafuta na ya joto hulishwa na kifaa kimoja cha kupunguza volti, geji hizo mbili zikipotoka kwa pamoja huwa si tangi wala injini iliyoharibika, bali kifaa hicho au athi yake.

Taa nyekundu si za mapambo

Taa za onyo hukaguliwa kwa ufunguo. Ufunguo ukizungushwa bila kuwasha injini, taa ya oili na ya betri hazina budi kuwaka. Isiyowaka ni kosa sawa na ile isiyozimika.

Taa ya betri ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Upande wake mmoja hupata umeme wa betri, na upande wa pili ule wa altaneta. Injini inaponguruma, pande zote mbili huwa na volti zinazolingana, kati ya 13.8 na 14.4, kwa hivyo taa huzimika. Ikibaki na mwanga hafifu, volti hazilingani: huenda ni muunganisho mchafu au altaneta yenyewe. Zaidi ya hayo, katika magari mengi ya zamani umeme unaopita katika balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta. Balbu ikiungua, altaneta inaweza kukosa kuchaji, na dereva hana taa ya kumwambia. Wanaobadilisha balbu zote za dashibodi kwa zile za LED kwa ajili ya urembo wanapaswa kuiacha hiyo moja ibaki ya kawaida.

Taa ya oili ina waya mmoja tu unaoshuka hadi kwenye swichi iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ikiwaka safarini, injini izimwe mara moja na kijiti cha oili kitazamwe. Kubishana na taa hii kwa kilomita mbili kunatosha kuharibu beringi za injini. Ikiwa oili ipo ya kutosha, injini ibaki imezimwa, waya uchomolewe kwenye swichi na ufunguo uwashwe. Taa ikibaki inawaka, waya umechubuka na unagusa chuma. Ikizimika, waya ni mzima, na shaka hubaki kwa swichi au shinikizo lenyewe la oili, jambo ambalo huamuliwa kwa geji ya kupimia inayofungwa mahali pa swichi. Kinyume chake, ikiwa taa haiwaki kamwe, ncha ya waya iguswe kwenye chuma cha injini ufunguo ukiwa umewashwa. Ikiwaka, swichi imekufa. Isipowaka, balbu imeungua au waya umekatika njiani.

Jaribio hilo linawahusu hasa wanaonunua magari ya mkono wa tatu au wa nne. Kuna madalali ambao, badala ya kurekebisha injini iliyochoka, huondoa balbu ya oili, au huunganisha waya wake na ule wa taa ya betri ili taa hizo ziwake na kuzimika pamoja. Mnunuzi aliyeona taa zikiwaka huridhika. Lakini akiuchomoa waya wa swichi ya oili ufunguo ukiwa umewashwa na taa isizimike, ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kutoa pesa.

Hila hiyo hiyo hufanyiwa taa ya injini. Katika Corolla nyingi za miaka ya 1990, kipande cha waya kikiunganisha tundu za TE1 na E1 katika kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, taa hiyo hupepesa kwa hesabu inayoonyesha nambari ya kosa. Isipopepesa hata kidogo, kuna aliyeinyamazisha.

Nyaya za wageni

Wizi wa magari uliolikumba jiji la Nairobi katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 uliwafanya wengi kuweka ving'ora na swichi za siri za kukata umeme. Nazo matatu zililazimika kufungwa vidhibiti mwendo kuanzia Februari 1, 2004, kufuatia kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki. Vifaa vingi vya aina hiyo vilikwisha kufa, lakini nyaya zake zimesalia chini ya usukani, zikiwa zimechubua nyaya za asili na kuzikumbatia. Gari lililowahi kuwa matatu lina nyaya hizo pamoja na za spika na taa za rangi. Fundi mwangalifu hufuata kila waya wa ziada hadi chanzo chake, akauondoa wote na kufunika jeraha, badala ya kuukata katikati.

Isitoshe, mitaa ya zamani kama Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, haikupangiwa maegesho ya magari mengi, na gari hulala nje masika na vuli. Maji hupenya kwenye mpira wa kioo cha mbele na kudondokea sanduku la fyuzi. Panya nao hupenda joto la injini na ladha ya plastiki. Dalili ya maji ni unga wa kijani kwenye ncha za shaba. Dalili ya panya ni waya uliokatwa kwa mipigo mifupi, na kwa kawaida hakati mmoja tu.

Kazi ikikamilika, ncha hasi ya betri, ambayo ilipaswa kuchomolewa kabla ya sanduku la mita kutolewa, hurejeshwa huku sanduku hilo likiwa bado limelegea juu ya usukani na soketi zake zote zimeingia. Taa zijaribiwe moja moja katika hali hiyo: ndogo, kubwa, indiketa zote mbili, breki ya mkono, kisha ufunguo. Skuruzi zifungwe baadaye.