Mgomba uliozaliwa kwenye chupa

Ukimwambia Mhaya kwamba ndizi ni tunda, atakucheka. Kwake ndizi ndiyo chakula, vingine ni vya kusindikizia. Ndiyo maana kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, si shamba tu. Ndipo wazee wanapozikwa, na ndicho watoto wanachorithi. Sasa jiulize: kibanja kikianza kufa, kinakufa na nini?

Swali hilo liliwafika watu wa Bukoba na Muleba miaka ya mwisho ya karne iliyopita. Udongo ulikuwa umechoka. Ng'ombe walipungua, samadi nayo ikapungua. Fukusi walitoboa mashina, minyoo isiyoonekana kwa macho ikala mizizi, migomba ikawa inaanguka na mikungu yake. Familia nyingi zikajikuta zinategemea zaidi mihogo na mahindi.

Mzizi wa tatizo ni wa zamani. Ndizi tunazokula hazina mbegu. Mgomba huendelezwa kwa chipukizi: unaling'oa kwa mama yake, unalipanda pengine. Kwa hiyo jirani akikugawia chipukizi kwa moyo mweupe, anakugawia na fukusi wake na minyoo yake.

Hapo ndipo maabara inapoingia. Wataalamu huchukua ncha changa ya chipukizi, milimita chache tu, huisafisha kwa dawa na kuiweka kwenye chupa yenye sukari, chumvichumvi na homoni. Inachipua, wanaigawa, inachipua tena. Kwa mwaka mmoja ncha moja inaweza kutoa miche zaidi ya elfu moja. Ikishaota mizizi inatolewa chupani na kukuzwa kivulini mpaka izoee jua. Wasomi wanasema tishu kalcha. Wengine wanasema miche ya chupa, na wamemaliza.

Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, kinahifadhi kwenye chupa zaidi ya aina 1,500 za migomba ya dunia nzima, katika nchi ambayo baridi yake hairuhusu mtu kuwa na kibanja! Kutoka huko, kuanzia 1997, mradi wa KCDP uliofadhiliwa na Wabelgiji ulileta Kagera miche zaidi ya 70,000. Ilizidishwa mashambani, na katika miaka michache machipukizi zaidi ya milioni 2 yakawa yamesambaa. Zilikuwamo FHIA zilizozalishwa Honduras, na Yangambi Km5, yenye jina la kituo cha utafiti cha Kongo.

Mikungu ya FHIA ilikuwa mikubwa, na njaa haichagui. Lakini hizo hazikuwa Nshakara wala Enchoncho, ndizi ambazo Mhaya hupika akipata mgeni. Chupa haijui ladha. Ingeweza kuisafisha Nshakara kama ilivyoisafisha FHIA. Inafanya kazi kwa ncha yoyote utakayoipa, kwa hiyo anayechagua ncha ndiye anayechagua wajukuu watakula nini.

Kisha 2006 mnyauko wa bakteria ukabisha hodi Muleba. Uganda ulikuwa umeonekana 2001. Majani yanageuka njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa usaha. Dawa haipo. Mche wa chupa uliopandwa ukiwa safi kabisa hushikwa sawasawa na mwingine, kwa sababu wadudu hutoa bakteria kwenye ua dume la mgomba mmoja na kupeleka kwa mwingine, na panga la mkulima hufanya vivyo hivyo. Kinga ikawa kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda, kung'oa wagonjwa na kupitisha panga kwenye moto. Kazi ya mikono, wala si ya maabara.

Mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha aina nne za TARIBAN, chotara zenye asili ya ndizi zetu za kupika, zilizojaribiwa pia Maruku, Bukoba. Safari hii angalau ladha ya nyumbani imeingia kwenye hesabu.

Kwa hiyo tusiibeze chupa, wala tusiiabudu. Inakupa mwanzo safi, basi. Ni mgomba gani uingie humo, na panga gani liukate ukishakua, hayo yanaamuliwa kibanjani. Au niseme: yanapaswa kuamuliwa kibanjani.